Isopodi wa Nchi Kavu Si Wadudu, Wala Si wa Aina Moja

Watu wengi, wakiinua jiwe lenye unyevu na kuona viumbe vidogo vya kijivu, yaani isopodi wa nchi kavu, vikikimbilia gizani, husema kwamba ni wadudu, na kwamba wote ni wale wale. Mdudu ana miguu 6. Isopodi wa nchi kavu aliyekomaa ana 14, kwa kuwa ukoo wake ni wa kaa na kamba, na jike hubeba mayai chini ya kifua katika mfuko wenye majimaji.

Kosa la pili, la kudhani wote ni wale wale, naliona zito zaidi. Viungo vyao vya kupumulia, vilivyo chini ya tumbo, havifanyi kazi vikikauka, na haja hiyo ya unyevu ndiyo inayowagawa. Katika mabonde ya milima ya Carpathian nchini Romania, kama lile la mto Jiu, isopodi aitwaye Ligidium, mwenye mbio na gamba jembamba, hukaa kwenye majani yaliyolowa kando ya vijito, ilhali mwingine, Armadillidium, anayejikunja kama gololi akiguswa, huvumilia miteremko mikavu zaidi. Miti ya kando ya kijito ikifyekwa, jua likayakausha majani yale, Ligidium hubaki bila makao.