Si kila shahada ya uzamili ya ushauri nasaha ni tiba ya familia

Wahitimu wengi hapa Dar es Salaam wanaamini shahada yoyote ya uzamili ya ushauri nasaha inatosha kumfanya mtu mtaalamu wa tiba ya familia, hivyo wanachoangalia ni jina la chuo na ada. Si kweli, na inaniuma kuona watu wakimaliza akiba zao kwa imani hiyo.

Ushauri nasaha mara nyingi hufundisha kukaa na mtu mmoja. Tiba ya familia hushughulikia uhusiano wenyewe. Mama wa Mbagala analeta malalamiko kwamba mwanawe hatoki chumbani. Akiulizwa kijana, baba ndiye anayejibu. Kijana naye anamtazama mama kabla hajafungua mdomo. Mtaalamu anatakiwa kuyaona hayo papo hapo, na hilo hulipati vitabuni peke yake. Kwa hiyo kabla ya kulipia fomu uliza: nitafanya kazi na familia halisi ngapi? Nani atanisimamia, na yeye amesomea nini? Wakikuzungusha, tafuta kwingine.

Wanaotaka kusoma Marekani kwa mtandao wawe makini zaidi. Huko COAMFTE, tume inayokagua ubora wa mafunzo ya tiba ya ndoa na familia, ndiyo hutoa ithibati kwa programu za fani hii, lakini leseni ya kufanya kazi hutolewa na kila jimbo. California, kwa mfano, inadai saa 3,000 za kazi chini ya usimamizi. Na shahada ya nje hutathminiwa hapa nchini na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kwa hiyo waulize kabla hujajisajili.