Tiba Mtandao Siyo Kumtumia Daktari Picha kwa WhatsApp

Malalamiko mengi yanayotufikia kuhusu tiba mtandao, yaani ushauri wa daktari bingwa aliye mbali kupitia mtandao, ni ya aina moja: "Nimetuma picha, nikatuma na hela, daktari hajibu." Wananchi watuelewe. Katika utaratibu wa hospitali za rufaa, mgonjwa hamtafuti daktari bingwa kwa simu yake. Anayemtafuta ni tabibu anayemhudumia.

Chukua mgonjwa wa Mafia. Kwa rufaa ya kawaida atapanda boti Kilindoni, ashukie Nyamisati, ndipo aanze barabara ya Dar es Salaam. Penye tiba mtandao, kinachotangulia kusafiri ni picha na maelezo yake. Tabibu anampima, anaandika historia ya ugonjwa, dawa alizokwisha kutumia na mzio kama upo. Mgonjwa, au mzazi kwa niaba ya mtoto, anatoa ridhaa. Faili kamili ya eksirei inatumwa kupitia mfumo wa hospitali, mtaalamu wa radiolojia anaisoma, anaandika ripoti, na ripoti inarudi kwa tabibu. Hairudi kwa shemeji aliyeko Kariakoo.

Picha tunazoletewa kwa simu ni filamu iliyoinuliwa dirishani, vidole viwili vinaonekana pembeni, kivuli cha nondo kimepita juu ya mfupa. WhatsApp nayo huibana picha ili iende upesi. Ufa mwembamba unapotea. Anayekubali kuisoma hiyo kwa sababu tu ametumiwa hela, muogopeni.

Kuna suala la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mtu anayezifichua isivyo halali anaweza kutozwa faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 20, kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini ni shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Watumishi wenzangu mnaorusha eksirei kwenye makundi "kuomba ushauri," jina la mgonjwa likisomeka pembeni, na ninyi mmo.

Dharura haisubiri mtandao. Mjamzito anayetokwa damu apelekwe kituoni mara moja. Namba 115 ya M-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, haitozwi. Na kadi ya kliniki isisahaulike nyumbani.