Mishumaa, herufi za Kigiriki na makopo ya maharage: ukweli kuhusu sororiti za huduma Marekani

Ilikuwa picha moja tu: wasichana kumi na wawili tumevaa nyeupe, kila mmoja na mshumaa mkononi, na ukutani nyuma yetu herufi tatu za Kigiriki. Nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp usiku wa Ohio, nikalala. Kuamka, jumbe tisini na kitu. Mjomba alikuwa ameandika neno moja, "Frimasoni." Shangazi alishaanza kufunga na kuomba.

Ilikuwa picha ya sororiti yangu ya huduma, yaani chama cha wanafunzi wa kike chuoni kinachojiita kwa herufi za Kigiriki na kufanya kazi za kujitolea. Tangu hapo nimeulizwa mambo yaleyale na wazazi wa watu na wadogo zangu wanaokuja kusoma huku, kiasi kwamba ni afadhali niyaandike mara moja.

"Hiyo ni frimasoni, ndiyo maana wanaficha."

Mtindo wa herufi ulianza 1776 katika chuo cha William & Mary, Virginia, wanafunzi walipounda chama chao, Phi Beta Kappa. Enzi hizo hukuitwa msomi kama hujui Kigiriki na Kilatini, kwa hiyo wakachukua herufi za mwanzo za kaulimbiu yao ya Kigiriki, yenye maana kwamba kupenda elimu ndiko kunakoongoza maisha. Wengine wakaiga. Kwa maneno mengine ni ufupisho, kama TANU.

Siri ipo, sitadanganya. Kuna ahadi tunayoitamka, kuna wimbo, kuna namna ya kushikana mikono, na asiye mwanachama haambiwi. Kwetu yote hayo hayamalizi saa nzima. Nilimuuliza shangazi, "Ulipochezwa unyago, umewahi kumsimulia mjomba mlichofundishwa ndani?" Akacheka mpaka simu ikamdondoka. Mfungo aliumaliza lakini, kwa tahadhari.

Hata hivyo wapo Wakristo, hasa katika sororiti kongwe za Wamarekani weusi, waliojitoa hadharani wakisema viapo vile havipatani na imani yao. Siwabezi. Kama dhamiri yako inasita, uliza mapema ahadi inahusu nini, na jibu lisipokuridhisha, usiingie.

"Ni pati na pombe kwenye jumba la kifahari."

Filamu ndizo zimetuharibia. Jumba unaloliona pale ni la sororiti za kijamii, zile za urafiki na kuishi pamoja. Sisi hatuna hata chumba: tunakutana darasani Jumapili jioni, tukimaliza tunafuta ubao na kurudisha viti. Gamma Sigma Sigma, iliyoanzishwa New York mwaka 1952, na Omega Phi Alpha, iliyoanzishwa 1967 huko Bowling Green, Ohio, ziliundwa kwa ajili ya huduma tangu mwanzo. Ndiyo maana msichana anaweza kuwa kwenye sororiti ya kijamii na bado akajiunga na ya huduma. Za kijamii nazo huchangisha fedha za hisani. Ya huduma inakudai saa zako.

Na saa hizo hazina mbwembwe. Jumamosi yangu ya kwanza nilipangwa kwenye ghala la chakula cha msaada, nikakabidhiwa kreti za makopo. Mama mmoja mzee, miwani imening'inia shingoni, akanifundisha: kopo lililobonyea kidogo ubavuni, weka; lililobonyea kwenye mshono, tupa; lililovimba, tupa wala usilitikise. Saa tatu nzima nikipapasa mishono ya makopo ya maharage kwa kidole gumba. Mwishoni akanisainia karatasi, "saa 3," tukaagana. Anayetafuta picha nzuri za mtandaoni hatadumu.

Kuna pia sororiti nne kongwe za Wamarekani weusi, nazo watu huzichanganya na hizi zetu. Mbili za kwanza zilizaliwa Chuo Kikuu cha Howard, Washington: Alpha Kappa Alpha mwaka 1908 na Delta Sigma Theta mwaka 1913. Wana mbwembwe zao, ndiyo, lakini tazama kazi. Delta walianza wakiwa wanawake 22, na kabla miezi miwili haijatimia, Machi 3, 1913, walikuwa barabarani Washington kwenye maandamano ya kudai kura ya wanawake. Kuanzia 1935, Alpha Kappa Alpha walipeleka madaktari na wauguzi Mississippi kila majira ya joto, chini ya Dkt. Dorothy Ferebee. Wenye mashamba ya pamba walipokataa kuwaachia vibarua waende kliniki, akina mama hao wakapakia dawa kwenye magari yao, kliniki ikaenda shambani. Na msomaji wa Kenya huenda hajui kwamba fedha za Delta zilisaidia huduma ya wazazi katika hospitali ya Thika.

"Lazima uteswe kwanza."

Hapa simcheki mtu. Aliyepita shule ya bweni kwetu anajua maana ya kuwa njuka: kufulia wakubwa nguo, kuamshwa usiku uimbe. Vyuo vya Marekani vina ugonjwa huohuo, na huko umeua watu, mara nyingi kwa pombe waliyolazimishwa kunywa. Majimbo mengi yanauhesabu kuwa kosa la jinai, na sheria ya nchi nzima iliyotiwa saini Desemba 2024 inavitaka vyuo kutangaza matukio hayo. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, ingia kwenye tovuti ya chuo chako usome taarifa hiyo.

Kwetu wiki za kujifunza zilikuwa historia ya chama, mtihani mfupi, na saa za kazi. Ukiambiwa "usimwambie mtu tunakutana wapi usiku," au ukitumwa kumnunulia mkubwa chakula kwa hela yako, ondoka siku hiyohiyo. Udada hauhitaji uchoke wala uaibike ndipo uthibitike.

"Si ni kujitolea? Basi ni bure."

La. Kuna ada ya kuingia, ada ya kila muhula, na fulana zisizoisha. Omba jumla ya mwaka mzima kwa maandishi, kisha uliza kama unaweza kulipa kidogokidogo. Mimi niliona haya kuuliza, nikala tambi za pakiti wiki mbili.

"Viza ya mwanafunzi hairuhusu."

Kujitolea kwenye shughuli ya hisani bila malipo kunaruhusiwa kwa mwenye viza ya F-1. Kisichoruhusiwa ni kufanya bure kazi ambayo kwa kawaida watu hulipwa. Ukiwa na shaka, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndiyo ya kuuliza, si rafiki yako.

"Ukiwa na zile herufi, kazi unapata tu."

Kwenye usaili wangu wa kwanza herufi hazikuulizwa hata kidogo. Waliuliza nani alikuwa akipanga magari ya kwenda ghalani kila Jumamosi, na yakipungua alifanyaje.