Kumpa mshauri kazi bila ya zabuni: waraka wa sababu uandikweje

Mkataba wa ushauri elekezi uliotolewa bila ya kushindanishwa si haramu kwa asili yake, ingawa hapa Zanzibar ukiutaja tu barazani watu huanza kuulizana mshauri huyo ni mtoto wa nani. Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma Namba 11 ya 2016 imeufanya ushindani kuwa ndiyo kanuni, na ununuzi wa chanzo kimoja, yaani kumwendea mtoa huduma mmoja tu, ukabaki kuwa ruhusa yenye masharti. Anayeitaka ruhusa hiyo ndiye mwenye wajibu wa kuithibitisha, na katika chuo kikuu cha umma wajibu huo huangukia waraka wa kurasa mbili tatu unaopelekwa kwenye bodi ya zabuni, ambao mkaguzi akija, ofisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, ndiye atakayeutolea maelezo.

Kasoro ninayokutana nayo mara nyingi ni waraka kumsifu mtu badala ya kueleza kazi. Utasoma: “Mshauri huyu ana shahada ya uzamivu, ana uzoefu mkubwa na amewahi kufanya kazi nzuri na Chuo.” Yote hayo yanaweza kuwa kweli, na hakuna hata moja linalojibu suala la mkaguzi, yaani kwa nini wengine hawakuulizwa. Sifa humpatia mtu alama anaposhindana na wenzake. Kinachoruhusu chanzo kimoja ni kukosekana kwa mbadala wa maana, na hilo huthibitishwa kwa kuonesha nani walitafutwa, wapi, na walipungukiwa na nini kwa kulinganisha na hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa.

Sababu ya pili inayopendwa ni dharura, na msimu wake ni Mei na Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni na kila skuli ya chuo inaogopa fungu lake lisipotee. Sheria ya Mfano ya ununuzi wa umma ya mwaka 2011, iliyotungwa na UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa, ili nchi ziifuate kama kigezo, ni kali katika jambo hili. Ibara yake ya 30 inaruhusu chanzo kimoja kwa haraka inayotokana na janga, na haraka nyengine inaipeleka kwenye majadiliano ya ushindani, tena kwa sharti kwamba haikuweza kutabirika wala haikuletwa na uzembe wa taasisi yenyewe. Juni hutabirika.

Sababu nzito kuliko zote ni ile ya mwendelezo. Tuchukulie chuo kina mfumo wa usajili na matokeo ya wanafunzi uliotengenezwa na mshauri fulani, na sasa kinataka uunganishwe na mfumo wa malipo ya ada. Waraka utasema hakuna mwengine anayeujua mfumo huo, na utakuwa unasema kweli. Lakini bodi inapaswa kuufungua mkataba wa mwanzo na kuangalia kama msimbo chanzo (maandishi ya programu yenyewe) na nyaraka za kiufundi vilikabidhiwa, na nani anamiliki haki zake. Kwani mara nyingi upekee huo umetengenezwa na chuo chenyewe siku kilipotia saini bila ya kuvidai. Sioni kuwa hilo peke yake ni la kukataliwa, maana wanafunzi hawawezi kukaa bila ya matokeo kwa ajili ya kosa la kamati iliyopita, bali ruhusa itolewe kwa mkataba huu tu, wala isiwe desturi.

Bei nayo haiachwi kwa kuwa hakuna wa kulinganishwa naye. Kwa hakika hapo ndipo majadiliano yanapokuwa magumu zaidi: ada ya siku, idadi ya siku kwa kila hatua, posho na nauli ya boti ya kwenda Pemba viandikwe mbali mbali, kisha vilinganishwe na mikataba ya kazi kama hiyo katika taasisi nyengine za umma. Jumla moja isiyo na mchanganuo irudishwe. Wajumbe wa kamati ya majadiliano watie saini tamko la mgongano wa maslahi kabla ya kikao cha kwanza, na katika kisiwa ambacho karibu kila mtu ana udugu au ukwe na mwenziwe, fomu zote zikirudi zimeandikwa “hakuna”, mwenyekiti azisome tena.

Kilichobaki ni vifungu vya mkataba mpya: msimbo chanzo ukabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho, haki za mfumo ziwe za Chuo, na wataalamu wa kitengo cha TEHAMA wafanye kazi pamoja na mshauri tangu siku ya mwanzo.