Threap si kubishana tu, jamani

Nimetumiwa tena ile picha ya "neno la leo": threap, Kiskoti cha zamani, maana yake kubishana. Nimechoka.

Kiskoti, lugha ya Uskoti, si Kiingereza kilichoharibika, wala si Kigaeli, ile lugha ya Kikelti ya huko. Hilo tulipite. Tatizo langu ni hiyo -ana. Kubishana kunataka wawili. Threap hata mmoja anatosha. Babu akikaa jikoni akang'ang'ania kwamba ng'ombe aliuzwa kabla ya mavuno, na nyumba nzima imenyamaza, kazi hiyo ndiyo threap. Kinachotakiwa ni dai, na mtu asiyekubali kuliachia.

Tena kitenzi hiki hubeba dai moja kwa moja. Mwaka 1785 Robert Burns, mshairi wa Uskoti, katika waraka wa kishairi kwa William Simpson, anawaonyesha wachungaji waliosoma waking'ang'ania kwamba wazee walikosea kuhusu mwezi. (Wazee waliamini mwezi wa zamani huchakaa, ukaundwa mwingine.) Ni kama sisi tunavyosema kukazania jambo. Ila ukimkazania mtu aoge, hiyo si threap. Kwa kawaida kuna jambo linalodaiwa kuwa kweli.

Likiwa nomino laweza kuwa ubishi kweli, lakini hata hapo picha haitoshi: auld threap ni imani ya kale ambayo watu huirudiarudia. Ugomvi uko wapi hapo?

Haya, kwenye ardhi nawapa haki yenu kidogo. Eneo la mpakani kati ya mito Esk na Sark, lililogombewa na Uskoti na Uingereza hadi lilipogawanywa mwaka 1552 kwa usuluhishi wa balozi wa Ufaransa, liliitwa pia threaplands, yaani ardhi yenye ubishi. Hata Threapwood, kijiji cha Cheshire kwenye mpaka wa Wales, kina neno hilohilo, kwa hiyo msiwaachie Waskoti peke yao.

Kuhusu asili, kamusi hutaja þrēapian ya Kiingereza cha Kale, kukaripia, kisha zinaruka hadi kushikilia dai kana kwamba njia ni nyeupe. Mimi siioni nyeupe hivyo. Nashuku daraja ni lawama: threap upon ni kumbambikia mtu jambo analolikana, na anayekaripia naye huanza na "wewe ndiye uliyefanya". Ni dhana yangu tu, lakini nitaishikilia.