"Sukari yetu ni ya ukoo, haikwepeki"

Desemba iliyopita, tulipokusanyika nyumbani Kibosho, shangazi alitoa mashine yake ya kupimia sukari, akajitoboa kidole, akasubiri. Ikasoma 9.4, iko juu, na mtori ulikuwa bado jikoni, yaani hajala. Akawageukia wajukuu: "Hii ni ya ukoo. Na nyie mtaipata tu, haikwepeki." Mmoja wao, kijana wa miaka 22, akaniuliza pembeni kama kuna haja tena ya kujinyima. Swali lile liliniuma, ndiyo maana naandika.

Shangazi ameshika nusu ya ukweli. Haturithi sukari. Tunarithi namna kongosho linavyoitikia chakula. Humo mna seli za beta, zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Ukila ndizi, sukari yake, glukosi, inaingia kwenye seli hizo na kugeuzwa nishati. Nishati inafunga milango midogo ya potasiamu kwenye ukuta wa seli, ya kalsiamu inafunguka, na insulini inamwagwa kwenye damu. Kazi hiyo yote inaongozwa na jeni, yaani maelekezo tunayorithi kwa wazazi, na jeni zetu hazifanani. Kuna ambao insulini yao inatoka upesi na ya kutosha, na kuna ambao inachelewa au inatoka kidogo.

Jeni inayotajwa sana ni TCF7L2, iliyotangazwa mwaka 2006 na watafiti wa Iceland. Kuna umbo la jeni hiyo ambalo ukilirithi kwa mzazi mmoja, uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili, kile kinachowapata zaidi watu wazima, unapanda hadi karibu mara 1.4 ya asiye nalo. Ukilirithi kwa wote wawili, karibu mara 2. Ni mzigo, lakini si hukumu. Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani kwa watu ambao sukari yao ilishaanza kupanda. Wenye umbo hilo toka pande zote mbili waliugua zaidi, ila katika kundi lililopunguza uzito na kutembea angalau dakika 150 kwa wiki, tofauti yao na wenzao karibu ilifutika. Kwa hiyo mwenye jeni hiyo ndiye hasa mwenye sababu ya kujitunza.

Wengine husema kisukari ni ugonjwa wa wanene. Unene unachangia kweli, kwa kuufanya mwili usiisikie insulini. Lakini jeni nyingi za kisukari cha aina ya pili zilizogunduliwa mwanzoni zinagusa utoaji wa insulini wenyewe, na ndiyo maana mtu mwembamba naye anaugua. Na hizi si habari za Wazungu peke yao: mwaka 2019 utafiti uliofanyika Nigeria, Ghana na Kenya ulionyesha jeni nyingine, ZRANB3, inayohusiana na seli za beta.

Dhana ninayotamani ife kabisa ni kwamba kisukari ni kilekile kwa kila mtu, na aliyeanza kuchoma sindano za insulini haziachi tena. Kuna watoto wanaougua kabla ya kufikisha miezi sita kwa sababu jeni moja, KCNJ11, imewaharibia milango ile ya potasiamu: haifungi, insulini inabaki ndani ya seli. Jambo hilo lilijulikana 2004. Mwaka 2006 wagonjwa 49 wa aina hiyo walijaribiwa vidonge vya jamii ya glibenklamidi, dawa ya siku nyingi, na 44 wakaacha sindano. Wengine, wenye hitilafu kwenye jeni ya GCK, wanaishi na sukari iliyo juu kidogo tangu kuzaliwa, na wengi wao hawahitaji dawa. Lakini hizi ni aina adimu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho lake karibu halitoi insulini, akiacha sindano atakufa, kwa hiyo asiache mtu bila daktari kusema.

Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, kijana alikubali kupimwa kwa sindano mpya: 5.3, ya kawaida. Shangazi akachana karatasi ya daftari, wakaandika pamoja nani kwenye ukoo ana sukari, alianza na umri gani, alikuwa mnene au mwembamba. Walipofika kwa baba mdogo, aliyeanza akiwa na miaka 19 na mwembamba kama ufito, shangazi akanyamaza kidogo, kisha akapiga mstari chini ya jina lake. Karatasi hiyo ameiweka ndani ya kadi yake ya kliniki.