"Visiwani hakuna haraka": tunayodhani kuhusu Mafia, Pemba na Lamu

Mimi ni mtu wa bara, mzaliwa wa Morogoro, na kwa miaka mingi sasa naandika habari za safari za visiwani. Kila nikirudi nyumbani maswali ni yale yale, na mengi muulizaji ameshayajibu mwenyewe kabla sijatua mzigo. Kule si wanalala tu? Mafia si Zanzibar ile ile? Lamu si hakuna hata gari? Siwalaumu, maana mengine niliyaamini mimi mwenyewe. Lakini visiwa hivi vimenilisha na kunifunza, na inaniuma kusikia watu wake wakielezwa kwa kile wanachokosa badala ya kile wanachokifanya.

"Visiwani watu hawana haraka"

Siku hiyo nilikuwa Utende, mashariki ya kisiwa cha Mafia, nataka kuvuka kwenda kuyaona magofu ya Kua kisiwani Juani. Saa tatu asubuhi nimeshafika ufukweni. Nahodha nikamkuta chini ya mnazi anashona wavu, na chombo chake kimelala ubavu mchangani. "Tutaondoka saa nane na nusu," akaniambia bila kuinua macho. Moyoni nikamwita mvivu.

Ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne. Kati ya kujaa na kupwa, kina hutofautiana kwa karibu mita nne. Kua hufikika kwa chombo maji yakiwa yamejaa, kwa kupita katikati ya mikoko. Ukienda maji yamepwa, unabaki na tope. Saa tatu ile niliyoiona mimi kuwa nzuri ya safari, bahari ilikuwa inaondoka.

Na waliokuwa na kazi na bahari inayoondoka walikuwa wameshaingia kazini. Mbele yangu wanawake walikuwa wameinama kwenye miamba, vijiti mkononi, wanachokoa pweza mapangoni mwao. Wana saa mbili, pengine tatu, kabla maji hayajageuka, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akipiga soga. Kijiti kinaingia tunduni, kinazungushwa, mkono unashika, pweza anapigwa mwambani, na mtu ameshahamia tundu jingine. Maji yalipoanza kurudi walitoka kwa mwendo wa kasi, kanga zimelowa hadi kiunoni. Mama mmoja alinipita, ndoo kichwani, akanionea huruma: "Kaa kivulini, mwanangu. Maji yako bado."

Njiani nahodha alinieleza kwamba alikuwa ametoka kuvua na maji ya alfajiri, akauza samaki, ndipo akakaa kushona wavu. Nilipomwita mvivu, mimi nilikuwa nimeamka punde tu, yeye alikuwa yumo katikati ya siku yake. Tena saa yake haisimami mahali pamoja. Kila siku maji huchelewa, kwa wastani dakika 50 hivi, kwa hiyo ratiba ya wiki hii haifai wiki ijayo. Bamvua likipita huja maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana, na kazi zinabadilika tena. Haya yote anayo kichwani.

Kua tulipata muda mfupi: kuta za misikiti, mabaki ya jumba kubwa, mizizi imekumbatia mawe. Mji ule ulivunjwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliokuja kwa vyombo kutoka Madagaska. Bado nataka picha ya mwisho, nikasikia mluzi. Nahodha ameshasimama chomboni, upondo mkononi. Hapo ndipo nilipoona haraka ya kisiwani, na sikuwahi kuiona ya namna ile katika stendi yoyote ya mabasi.

"Mafia ni Zanzibar," na "jina lile limetoka Italia"

Yote mawili si kweli. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Ilitengana na himaya ya Sultani wa Zanzibar mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana, ikaangukia upande wa Wajerumani. Na jina la Mafia limo katika habari za kale za wafalme wa Kilwa, karne nyingi kabla ya neno la Kiitaliano kujulikana duniani.

"Papa potwe anakula watu"

Ndiye samaki mkubwa kuliko wote, na chakula chake ni viumbe vidogo vya majini na vijidagaa anavyovichuja mdomoni. Kati ya Oktoba na Machi huja karibu na Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, kwenye maji yale yale wanakovua dagaa. Wavuvi wanamzoea kiasi cha kuvua naye ubavuni. Wa kutiliwa wasiwasi ni sisi wageni tunaomrukia na kumshika ili tupigwe picha.

"Pemba ni Unguja ndogo"

Ukishuka bandari ya Mkoani, Pemba, ukiitafuta Unguja, utachoka bure. Unguja kwa sehemu kubwa ni tambarare, na zamani za kale bahari ilipokuwa chini iliungana na bara. Pemba imetengwa na bara na mkondo wenye kina cha mita 800 hivi. Ni nchi ya vilima na mabonde ya mpunga, na ina popo wake mkubwa, popo wa Pemba, asiyepatikana kwingine popote duniani.

Hata karafuu, ambayo wengi wanaihesabu mali ya Unguja, kwa sehemu kubwa inatoka Pemba. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, lakini ya Pemba nyingi ikasalimika, na tangu hapo Pemba ikashika usukani.

Mgeni huambiwa kwamba kijiji cha Pemba msimu wa karafuu kinanukia vizuri. Kweli kinanukia, lakini nenda ukae nao usiku. Karafuu zilizochumwa mchana humwagwa katikati ya sebule, familia inazizunguka, kisha kinaanza kitu kinachoitwa kuchambua. Unashika kishada, unakibana kwenye kiganja, unakizungusha, karafuu zinadondoka huku, makonyo yanabaki kule. Nilijaribu. Baada ya nusu saa ngozi ya kiganja ilikuwa inawaka, na rundo langu lilikuwa dogo kuliko la mtoto aliyeketi kando yangu. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, na wingu likitokea unasikia mtaa mzima ukikimbia, kwa sababu karafuu iliyolowa hupauka na kushuka daraja. Mnunuzi wa halali ni mmoja tu, shirika la biashara la serikali, na daraja analolipanga yeye ndilo litakaloamua ada ya shule.

"Watu wa Lamu wamejifungia," na "mji umelala kwa sababu hauna magari"

Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wengi hupita vichochoroni mwake wakiona kuta ndefu zisizo na madirisha. Wanahitimisha kwamba wenyeji hawataki watu. Tazama mlango tena. Mbele yake kuna daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande mbili, uliojengwa kwa ajili ya yule asiye wa nyumba. Hapo unasalimiwa, unaketi, unaulizwa umetoka wapi na umefikia kwa nani. Swali hilo la pili wageni hulichukia, wakaliita uchunguzi. Mimi nimelipenda tangu siku chombo nilichotazamiwa kurudi nacho kilipochelewa hadi usiku, na mtu wa daka la jirani akatuma kijana gatini kuniulizia.

Kupita daka unakuta tekani, yaani ukumbi wa ndani ya mlango, halafu kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ndipo vyumba virefu viitwavyo misana, na kile kiitwacho ndani, kila chumba kikiwa cha faragha kuliko kilichotangulia. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba unafuata urefu wa boriti. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Yote hayo, mawe, mchanga, saruji ya siku hizi, yanafika mlangoni mgongoni mwa punda. Ndiyo maana tangu 1987 kuna kliniki ya punda mjini. Mji unaolala hauna haja ya kliniki ya wachukuzi wake.

"Vilima vya Shela ni mchanga tu"

Hili ndilo ninaloomba lisahihishwe haraka. Mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka mjini Lamu, nyuma ya kijiji cha Shela, kuna vilima vyeupe ambavyo wageni huvipanda jioni kutazama jua. Mvua ikinyesha, mchanga ule huinywa na kuichuja polepole, na maji matamu hukaa chini yake yakiwa yamelala juu ya maji ya chumvi. Huko ndiko kwenye visima vinavyolisha mji. Ukivichota kupita kiasi, au ukachimba misingi na mashimo ya vyoo juu yake, chumvi na uchafu huingia, na hakuna mto wa kukimbilia.

Vilima hivyo vimewekwa chini ya ulinzi wa sheria, hata hivyo watu wenye pesa hawajaacha kuvitamani viwanja. Nimesimama pale juu na mgeni aliyeniuliza kwa nini mahali pazuri hivi hapajajengwa hoteli. Tulishuka pamoja hadi nyumba moja ya Langoni, mtaa wa mjini Lamu, nikamwonyesha birika la kuhifadhia maji kiwandani, lenye visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Mwenye nyumba akatuletea maji kwenye kata. Mgeni alipomaliza kunywa nikamwambia kwamba amekunywa mvua iliyopita chini ya nyayo zake jioni ile.